Uteuzi na Upimaji wa Diski Kuu za Seva ya Nyumbani kwa Uhifadhi wa Data za Uwandani

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna mtafiti anayehifadhi data za uwandani nyumbani kwake anavyoweza kuteua na kupima diski kuu kabla ya kuikabidhi data hizo. Hoja inayojengwa ni kwamba lebo, bei, neno la muuzaji na hata taarifa ambayo diski hujitolea yenyewe havitoshi kuwa ushahidi wa uzima wake. Ushahidi hupatikana kwa kuiandika diski yote na kuisoma yote, kisha kuendelea kuyahakiki mafaili yenyewe katika muda wote wa matumizi. Mifano imetokana na diski nne ambazo mwandishi alizipima jijini Dar es Salaam alipokuwa akiandaa seva ya kuhifadhia rekodi za masimulizi.

1.0 Utangulizi

Katika sura ya tatu ya tasnifu nyingi za fasihi simulizi na isimu, msomaji hukuta kurasa kadhaa kuhusu uteuzi wa sampuli, mbinu za ukusanyaji wa data na maadili ya utafiti. Kuhusu mahali data zilipohifadhiwa baada ya kukusanywa, mara nyingi hukuta sentensi moja tu: data zilihifadhiwa katika kompyuta ya mtafiti. Mwandishi wa makala hii aliiandika sentensi hiyo hiyo katika pendekezo lake la utafiti, na hakuna aliyemuuliza ina maana gani.

Swali lilikuja lenyewe. Miezi saba baada ya kurudi kutoka uwandani, mwandishi alifungua rekodi ya bibi mmoja, msimulizi wa ngano, ili ainukuu upya. Katika dakika ya kumi na moja sauti ilikatika, kompyuta ikaganda, kisha ukatokea ujumbe kwamba faili halisomeki. Diski ya nje iliyotumika ilikuwa mpya, imenunuliwa dukani ikiwa ndani ya boksi lake, na ilikuwa imepokea mafaili yote bila kulalamika. Mafaili matatu yaligundulika kuwa yameharibika. Mawili yalipatikana katika kadi ya kinasa sauti ambayo kwa bahati haikuwa imefutwa. La tatu halikupatikana, na bibi yule alikwisha kufariki. Kilichobaki cha usimulizi wake ni unukuzi wa kurasa tisa, bila sauti yake na bila sauti za wajukuu waliokuwa wakiitikia. Mtahini akitaka kujua kama mkato fulani katika unukuzi ni pumzi ya msimulizi au ni uamuzi wa mnukuzi, hana pa kusikiliza.

Ukubwa wa hifadhi inayohitajika si tatizo kubwa. Rekodi ya stereo ya kilohezi 48 na biti 24, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachopendekezwa na IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, huchukua takribani gigabaiti 1.04 kwa saa. Saa 300 za masimulizi ni gigabaiti 311. Hata ikiongezwa video ya matambiko na ngoma, diski za terabaiti 4 zinatosha utafiti wa kiwango cha uzamivu na nafasi hubaki. Kinachotakiwa kuulizwa ni kama kilichoandikwa leo kitasomeka mwaka wa utetezi.

2.0 Kwa nini diski hukubali isichoweza kurudisha

Diski kuu ya kwanza kuuzwa, iliyokuwa sehemu ya mtambo wa IBM RAMAC wa mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24 na ilihifadhi herufi milioni 5. Kanuni yake haijabadilika. Sahani zilizopakwa utando wa sumaku huzunguka, siku hizi mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kuandikia na kusomea huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache. Data hupangwa katika sekta za baiti 512 au 4,096, na kila sekta huambatanishwa na msimbo wa kusahihishia makosa madogo. Makosa yakizidi uwezo wa msimbo, sekta haisomeki.

Jambo ambalo mtumiaji wa kawaida halijui, na ambalo mwandishi hakulijua hadi alipopata hasara, ni kwamba katika matumizi ya kawaida diski huandika bila kusoma tena ilichoandika. Kichwa kikishapita, kazi huhesabiwa kuwa imekamilika. Kwa hiyo sekta mbovu inaweza kupokea sehemu ya ngano leo na ubovu wake usijulikane mpaka siku mtu atakapoiomba irudishe sehemu hiyo. Diski zina sekta za akiba ambazo huchukua nafasi za zilizoharibika, lakini nazo huingia kazini pale tu tatizo linapogunduliwa, na hakuna ugunduzi pasipo usomaji. Ndiyo maana kunakili kwa mafanikio hakuthibitishi chochote zaidi ya kwamba kebo na mfumo wa faili vilikuwa vikifanya kazi saa ile.

3.0 Uteuzi

Wachuuzi wa mtandaoni na madukani huuza diski kwa vigezo viwili, ukubwa na bei. Kwa seva inayowaka mchana na usiku, kigezo cha kwanza kinapaswa kuwa namna diski inavyorekodi. Kuna diski za CMR, ambamo kila njia ya data ina nafasi yake, na kuna za SMR, ambamo njia hupandana kama vigae vya paa ili data nyingi zaidi zienee katika sahani. Kigae cha katikati hakitolewi bila kugusa vya juu yake. Vivyo hivyo, kubadilisha data chache katika diski ya SMR hulazimu kuandika upya njia jirani. Diski huficha kazi hiyo kwa kupokea data kwanza katika eneo la muda. Eneo likijaa, kasi huporomoka. Katika seva inayojenga upya diski iliyokufa, ambapo terabaiti nzima huandikwa mfululizo, mporomoko huo unaweza kuufanya mfumo uamini kwamba diski mpya nayo imekufa.

Ubaya ni kwamba tofauti hii haikuwekwa wazi daima. Mnamo Aprili 2020, baada ya malalamiko ya watumiaji, Western Digital ilichapisha orodha ya diski zake za SMR, na ikabainika kwamba ndani yake zimo baadhi ya diski za jina la Red, za terabaiti 2 hadi 6, ambazo zilikuwa zikiuzwa mahususi kwa seva za nyumbani. Baadaye diski za CMR za aina hiyo zilipewa jina la Red Plus. Kwa mnunuzi wa Kariakoo au wa Nairobi, fundisho ni kusoma namba kamili ya modeli iliyochapwa kwenye diski yenyewe na kuilinganisha na karatasi ya mtengenezaji, kwa kuwa jina kubwa la kwenye boksi linaweza kufunika diski za namna mbili. Diski ya SMR haifai kutupwa, hata hivyo. Kwa nakala ya akiba inayoandikwa mara moja kwa mwezi na kufungiwa kabatini inatosha kabisa.

Kigezo cha pili ni muda ambao diski hujitahidi kusoma sekta ngumu kabla ya kukata tamaa. Diski za seva kwa kawaida huacha baada ya sekunde 7 hivi na kuuachia mfumo utafute data hiyo katika diski nyingine. Diski za kompyuta za mezani zinaweza kung'ang'ana kwa muda mrefu zaidi, ilhali Linux kwa kawaida husubiri sekunde 30 tu kabla ya kuukata mawasiliano na kuyaanzisha upya. Baadhi ya diski huruhusu muda huo urekebishwe kwa programu ya smartctl, na mara nyingi rekebisho hilo hupotea umeme ukizimwa.

Karatasi za watengenezaji hutaja pia wastani wa saa kati ya hitilafu, mathalani saa 1,000,000. Saa hizo ni sawa na miaka 114, na wauzaji wengine huzisoma hivyo. Maana yake ni nyingine: katika diski 1,000 zinazofanya kazi mwaka mzima, yaani saa 8,760 kila moja, zitegemewe kufa kama 9. Schroeder na Gibson walipochunguza takribani diski 100,000 katika utafiti wao wa mwaka 2007, waliona kwamba ingawa karatasi za watengenezaji ziliahidi kiwango kisichozidi asilimia 0.88 kwa mwaka, diski zilizobadilishwa kwa kweli zilizidi asilimia 1, mara nyingi zilikuwa asilimia 2 hadi 4, na katika mifumo mingine zilifikia 13. Kampuni ya Backblaze nayo imekuwa ikichapisha takwimu za diski zake tangu mwaka 2013. Takwimu hizo zina manufaa, ila zimetoka katika vyumba vyenye ubaridi na umeme wa uhakika, na modeli nyingi zilizomo hazifiki katika maduka yetu.

Mwisho ni suala la mitumba. Diski zilizoondolewa katika vituo vikubwa vya data huuzwa kwa bei nafuu, na mwandishi haoni sababu ya kuzikataa kwa ujumla wake. Mnunuzi ahakikishe tu kwamba ni za SATA, kwani nyingi ni za SAS ambazo haziingii katika kompyuta ya kawaida, na baadhi zimepangwa kwa sekta za baiti 520 na hazitatumika mpaka zipangwe upya. Mtumba unaojulikana kuwa mtumba si hatari kubwa; hatari ni ule unaouzwa kama mpya. Mapema mwaka 2025 vyombo vya habari vya teknolojia nchini Ujerumani viliripoti kwamba diski za Seagate zilizokwisha kutumika kwa maelfu ya saa zilikuwa zimeuzwa na maduka mbalimbali kama mpya, hesabu zake za saa zikiwa zimerudishwa sifuri. Zilifichuliwa na kumbukumbu nyingine ya ndani iitwayo FARM, ambayo haikuwa imeguswa.

4.0 Upimaji

Mwandishi alinunua diski nne za terabaiti 4, mbili mpya na mbili za mtumba, katika maduka tofauti ili zisiwe zimetoka katika fungu moja la kiwandani. Hapa zitaitwa A na B kwa zile mpya, C na D kwa za mtumba.

Hatua ya kwanza ilikuwa kusoma kumbukumbu za SMART, yaani hesabu ambazo diski hujiwekea yenyewe, na kuzihifadhi kabla ya jambo lolote lingine. Bila hali ya mwanzo hakuna cha kulinganisha. Kuna hesabu chache zinazostahili kuangaliwa kila mara: sifa ya 5, sekta zilizokwisha kuhamishiwa katika akiba, ya 197, sekta zinazotiliwa shaka na kusubiri uamuzi, ya 198, zilizoshindikana kusomwa, ya 9, saa za kufanya kazi, na ya 199, makosa ya mawasiliano. Diski C ilionyesha saa 27,412, zaidi kidogo ya miaka mitatu ya kuwaka mfululizo, na sifuri katika sifa za 5, 197 na 198. Zote nne zilijitangaza kuwa zimefaulu.

Tangazo hilo lisipewe uzito. Hueleza tu kwamba hakuna sifa iliyovuka kikomo ambacho mtengenezaji mwenyewe amekiweka, na vikomo vingi viko mbali sana. Utafiti wa Pinheiro, Weber na Barroso wa Google, uliochapishwa mwaka 2007 na kuhusisha diski zaidi ya 100,000, ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 36 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote katika hesabu za SMART, ukiacha halijoto. Upande wa pili wa matokeo hayo una maana vilevile: diski iliyoonyesha kosa lake la kwanza la usomaji ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa. Kwa hiyo ukimya wa SMART haumhakikishii mtu lolote, bali ikisema, isikilizwe.

Hatua ya pili ilikuwa jaribio refu la ndani, ambalo husoma uso wote wa diski bila kufuta kitu. Kwa terabaiti 4 lilichukua karibu saa tisa. Zote zilipita.

Hatua ya tatu ndiyo kiini. Programu huria ya badblocks, ikiendeshwa kwa namna ya kuandika, huijaza diski yote kwa ruwaza moja ya biti, huisoma yote na kulinganisha, kisha hurudia kwa ruwaza nyingine. Ruwaza ni nne: 10101010, 01010101, 11111111 na 00000000. Hivyo kila sekta huandikwa mara nne na kusomwa mara nne. Jaribio hili hufuta kila kilichomo, na mtafiti ahakikishe mara mbili jina la diski anayoielekezea. Kwa kasi ya wastani ya megabaiti 120 kwa sekunde, pito moja la terabaiti 4 huchukua zaidi kidogo ya saa 9, na mapito manane huchukua saa 74. Ni siku tatu. Diski nne zinaweza kupimwa kwa pamoja.

Siku ya pili umeme ulikatika. Kompyuta ya mpakato iliyotumika iliendelea kwa betri yake, lakini diski za inchi 3.5 huhitaji umeme wa pembeni, na zote zilizimika. Jaribio lilianzwa upya, safari hii nyuma ya kifaa cha UPS. Halijoto nayo ililazimu uangalizi. Katika chumba kisicho na feni diski D ilifika nyuzi 51 za selisiasi. Feni ya mezani iliishusha hadi 43. Utafiti wa Google uliotajwa haukuona kwamba joto la kawaida linaua diski kama wengi wanavyoamini, isipokuwa kwa kiasi fulani katika joto la juu sana na kwa diski zilizozeeka, lakini feni ni rahisi kuliko kubishana na takwimu.

Diski A na C zilimaliza bila kosa. Diski B, iliyokuwa mpya na imefaulu jaribio refu, iliripoti bloku 3 zisizosomeka katika usomaji wa ruwaza ya pili. Sifa ya 197 ilipanda kutoka 0 hadi 24, kwa kuwa bloku moja ya baiti 4,096 ni sekta nane za baiti 512. Ruwaza ya tatu ilipoandikwa, sifa ya 197 ilirudi 0 na ya 5 ikawa 24: diski ilikuwa imezihamisha sekta hizo. Mtu ambaye angeifungua B siku ile angekuta diski isiyo na tatizo la sasa, na bado ingejitangaza kuwa imefaulu. Ni kasoro ya namna hiyo hiyo iliyokula rekodi ya bibi.

Kuirudisha dukani hakukuwa kwepesi. Muuzaji aliichomeka katika kompyuta yake, ikafunguka, akanakili wimbo mmoja na kuucheza, akasema, "Kaka, hii nzima." Hakuwa na nia mbaya, alipima kwa namna anayoijua, nayo ndiyo namna mwandishi mwenyewe alivyokuwa akipima mwaka uliotangulia. Karatasi mbili zilizochapwa, moja ya kabla na moja ya baada, zenye namba ileile ya utambulisho wa diski, ndizo zilizomaliza mjadala siku ya tatu. Diski iliyotolewa badala yake ilipimwa upya kama ya kwanza, ikapita.

Diski D ilifundisha jambo tofauti. Kasi yake ilishuka, na sifa ya 199 ilipanda kutoka 0 hadi 212. Sifa hiyo haihusu sahani wala kichwa, inahusu data zinazoharibika njiani kati ya diski na kompyuta, na mara nyingi mkosaji ni kebo. Kebo ilibadilishwa, hesabu ikasimama palepale kwenye 212, na jaribio likarudiwa hadi mwisho bila kosa. Hesabu hiyo hairudi sifuri, kwa hiyo imeandikwa katika daftari la seva ili isije ikahesabiwa kuwa tatizo jipya.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Schroeder na Gibson hawakuona kilele cha vifo vya mapema ambacho hoja ya kupima diski mpya huegemea. Waliona ubadilishaji ukiongezeka taratibu kadiri diski zinavyozeeka. Je, siku tatu za kupima ni bure? Mwandishi anaona sivyo. Takwimu zao ni za diski zilizosafirishwa na kufungwa kitaalamu kwa maelfu. Diski inayofika kwa mtafiti wa huku imepita katika meli, ghala, basi na pengine bodaboda, na lengo la kuipima ni kujua hali ya hiyo moja iliyo mkononi, hata kama wastani wa wenzake ni mzuri.

5.0 Baada ya kupima

Diski A na C ziliwekwa pamoja kama pacha chini ya mfumo wa faili wa ZFS, kila faili likiandikwa katika zote mbili. Mfumo huu huambatanisha kila bloku na namba ya uhakiki, na kwa ukaguzi wa jumla, unaofanywa mara moja kwa mwezi, husoma data zote, huilinganisha kila bloku na namba yake, na bloku iliyoharibika katika diski moja huirekebisha kutoka kwa pacha wake. Ni tiba ya moja kwa moja ya udhaifu ulioelezwa katika sehemu ya 2.0, kwani huilazimisha diski isome kabla data haijahitajika.

Pacha hawalindi dhidi ya kufutwa kwa makosa, wizi au radi, kwa kuwa kinachotokea kwa mmoja hutokea kwa mwingine. Diski D ina nakala ya tatu na hukaa imezimwa katika nyumba nyingine, ikiletwa mara moja kwa mwezi kuongezewa data. Diski iliyobadilishwa badala ya B inasubiri kabatini siku pacha mmoja atakapokufa.

Kwa ajili ya mtahini, kila rekodi imepewa namba ya uhakiki ya SHA-256 iliyokokotolewa siku ilipotolewa katika kinasa sauti, au, kwa rekodi za awali, siku ilipohamishiwa katika seva. Orodha ya namba hizo ni kiambatisho cha tasnifu. Yeyote atakayepewa rekodi baada ya miaka kumi anaweza kuikokotoa tena na kujua kama ndiyo ileile iliyochambuliwa. Rekodi ya bibi imo katika orodha, ikiwa na maelezo kwamba sauti yake imebaki dakika kumi na moja, na kwamba unukuzi wa sehemu iliyosalia hauwezi kuhakikiwa.